Baba Alimasi wa Siku Kumi

Tarehe 30 Juni 1986, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Citoyen Alimasi Sumaili, mwuguzi mkuu wa zahanati ya kambi yetu, atavua koti lake jeupe na kulirudisha stoo. Tunaandika kwamba atalirudisha, ingawa wanaomjua wameshaanza kubashiri kuwa litapotea njiani, kati ya zahanati na nyumba mpya aliyojenga Katuba. Hatutalidai. Limekaa mwilini mwake muda mrefu mno, na hakuna mtu mwingine kazini mwenye mabega ya kulijaza.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Kapya, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyonipa ni kwamba nimeshika funguo za kabati la dawa kwa miaka mingi, na kwa hiyo nimegombana na mstaafu kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Sababu hiyo naikubali. Mtu akigombana na mwenzake kila asubuhi kabla ya chai, humjua vizuri.

Citoyen Alimasi alizaliwa Kasongo, huko Maniema, akaja huku kusini akiwa kijana pamoja na kaka yake Amadi, wote wawili wakitafuta kazi. Kaka alipata kazi mgodini Kambove. Mdogo alipata ufagio katika zahanati ya hapo hapo Kambove. Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi kwenye bandeji, kutoka kwenye bandeji akapelekwa shule ya wauguzi, na mwaka 1967 akahamishiwa Lubumbashi. Ndio mwaka migodi ilipochukuliwa na taifa. Yeye husimulia mambo hayo mawili pamoja, na kwa namna anavyoyasimulia mgeni anaweza kudhani kwamba taifa lilisubiri kwanza Alimasi afike.

Kazi zote alizifanya: alizalisha, alichanja, alishona vidole vilivyobanwa na mashine. Lakini kama mtu anaweza kuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ugonjwa wake ulikuwa ule wa mguu. Wafanyakazi wetu wanaujua. Mvua zikianza, mtu anashinda ndani ya mabuti yenye maji, ngozi inapasuka katikati ya vidole, na baada ya siku chache mguu unavimba, unang'aa, unakuwa wa moto, na homa na kutetemeka vinafuata. Madaktari wanauita érysipèle. Kambini tunasema mguu umewaka, na kila mtu anaelewa.

Mgonjwa wa namna hiyo alipoingia, Citoyen Alimasi hakuuliza jina. Aliinama, akatenganisha vidole vya miguu, akachungulia. Alichungulia vidole vya wachimbaji, vya wapishi, vya wake zao, na siku moja vya mkuu wa idara mzima aliyekuja kwa ajili ya jino tu na kujikuta amevuliwa soksi. Kisha alitoa hotuba juu ya kukausha miguu kwa kitambaa. Hotuba hiyo tunaijua kwa moyo, na wapo watu hapa kambini wanaoijua zaidi ya wimbo wa taifa.

Baada ya hotuba ilikuja penisilini, na penisilini ya Alimasi ilikuwa ya siku kumi. Si tisa. Mguu ukiwa mkubwa au mdogo, mgonjwa akiwa jitu au kibibi, kumi. Ndiyo maana hata watoto wakamwita Baba Siku Kumi, naye akaitika.

Tena alizipa siku hizo sherehe yake. Siku ya mwisho mgonjwa hakunywa dawa nyumbani. Alikuja zahanati, akasimama mbele ya Alimasi, akameza kidonge cha mwisho machoni pake, na Alimasi akatamka kwamba dawa imefungwa. Kufunga dawa kukawa desturi ya kambi. Mke wa mgonjwa alivaa kitenge kizuri, majirani wakasindikiza, na mara nyingi kuku alisindikiza pia, akiwa hai, au ameshapikwa na bukari, ugali wetu, pembeni. Sisi wenye roho mbaya tulisema kwamba siku kumi ni muda anaohitaji kuku wa kambini kunenepa. Mama Adija, mke wake, hajawahi kukanusha.

Aliyedhani angekwepa alijidanganya. Yuko bwana mmoja wa ofisini aliyetakiwa kusafiri kwenda Kinshasa siku ile ile ya kufunga. Alifika uwanja wa ndege wa Luano, akapima mizigo, akageuka, akamkuta Alimasi amesimama na baiskeli, jasho linamtoka, kidonge mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Abiria walidhani ni huduma mpya ya ndege. Bwana yule alimeza, Alimasi akafunga dawa mbele ya watu wote, akapanda baiskeli akarudi kazini.

Sasa nifike kwenye mambo ambayo mstaafu aliniomba nisiyaandike.

Msimu wa mvua ulioanza mwishoni mwa 1983, penisilini ilikuwa adimu. Shehena tuliyoitegemea ilichelewa, na hapakuwa na wa kutuambia itafika lini. Mimi nilikuwa nafungua kabati asubuhi na kulifunga haraka ili watu wasione rafu zilivyo tupu. Na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza.

Mwaka huo huo alikuja Daktari Numbi, ametoka chuo kikuu, mwembamba, sauti ya chini. Alimwita Papa Alimasi na kumtengea kiti. Kisha, kwa heshima zote, akamwambia kwamba ugonjwa huu wa mguu hauhitaji siku kumi kwa kila mtu. Homa ikishakwisha na uvimbe ukianza kurudi nyuma, siku tano zinatosha. Ambaye bado ana homa, au mwenye kisukari, au mwenye usaha, huyo aendelee. Alieleza pia jambo ambalo mimi mwenye funguo nilikuwa nalijua vizuri: kila aliyepewa siku kumi alikuwa anameza na dawa ya mtu mwingine ambaye bado hajaja, na huyo akija na mguu unaowaka atakuta kabati tupu.

Citoyen Alimasi alitii. Lakini kuna kutii na kutii. Aliwapa watu siku tano kwa mkono, na kwa uso akawaambia kumi. Alihema. Alitazama dari. Mgonjwa alitoka pale na dawa ya siku tano akiwa na hofu ya kutosha mwezi mzima.

Kwenye kampuni yetu, kila kitu kinakwenda kwa daraja. Nyumba ni kwa daraja, unga wa poso ni kwa daraja, hata kitanda hospitalini ni kwa daraja, na mfanyakazi anajua daraja lake kama anavyojua jina la mama yake. Ikatokea kwamba mkuu mmoja wa ofisi aliugua mguu, homa ikakataa kumtoka, na Daktari Numbi akamwongezea siku mpaka kumi, kama alivyosema tangu mwanzo. Jioni hiyo hiyo kambi nzima ilikuwa imeshaelewa, na imeelewa vibaya. Siku kumi ni za wakubwa. Siku tano ni za sisi wengine.

Kesho yake Kabwe, dereva wa treni ya mawe, alikuja mlangoni akichechemea, na nyuma yake watu wengi. Kabwe si mtu wa fujo. Alivua kofia na akasema bila kupaza sauti, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Docteur, nyumba tunapata kadogo, tunanyamaza. Bunga tunapata kidogo, tunanyamaza. Lakini microbe yenye iko mu muguu yangu haijue miye niko catégorie gani."

Daktari Numbi alieleza, akaeleza tena. Watu hawakumtazama yeye. Walimtazama Alimasi, kwa kuwa neno lake moja lingetosha. Naye akakunja mikono juu ya lile koti lake na kutazama dari. Kabwe akapewa siku kumi, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo. Hapakuwa na namna nyingine ya kuufunga mlango. Kufikia mwezi wa kwanza, rafu mbili zilikuwa tupu kabisa na ya tatu ilikuwa na pakiti chache upande mmoja.

Wakati huo ndipo Baba Alimasi aliponunua viatu.

Aliviona soko la Katuba, vyeusi, vinang'aa, vya mtumba lakini vya heshima, na vilikuwa vidogo kwake. Muuzaji alimwambia vidogo. Mama Adija alimwambia vidogo. Alivivaa wiki nzima kwenye mvua, na mtu huyu aliyechungulia vidole vya mji mzima hakupata nafasi ya kuchungulia vya kwake. Siku ya Ijumaa alitetemeka zahanatini mpaka kikombe kikagonga meza. Tulimvua kiatu kwa nguvu. Mguu ulikuwa umewaka hadi karibu na goti.

Daktari Numbi alimtibu nyumbani kwake. Alibandika vipande vya plasta nyeupe kuzunguka ukingo wa uvimbe, ili ionekane kama unapanda au unashuka, akampa pakiti ya penisilini ya siku kumi, kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Alimwambia kwamba akitaka siku kumi atapata siku kumi, maana ni mwuguzi na ni mzee wa kazi, na uamuzi anamwachia mwenyewe. Alimasi alijua vizuri kilichobaki kabatini. Alijua pia kwamba kambi yote inamtazama.

Na kambi ilimtazama kwelikweli. Mama Adija alimlaza kwenye kiti kirefu pale barza, mbele ya nyumba, mguu juu ya stuli, na plasta zile zilionekana tangu barabarani. Watu wakitoka zamu walipunguza mwendo kuangalia. Walijadiliana kama mechi ya Jumapili: jana uvimbe ulikuwa umegusa plasta, leo umeiacha, upande wa ndani bado. Kabwe alipita kila siku, hakusalimia sana, aliangalia tu. Kila mtu alikuwa anasubiri kuona kama Baba Siku Kumi atakunywa za wakubwa au za watu wengine.

Siku ya tano homa ilikuwa imeshaondoka tangu juzi. Uvimbe ulikuwa umeziacha plasta zote nyuma. Lakini mguu ulikuwa bado mnene, ngozi bado nyeusi na yenye joto kidogo, kwa sababu ngozi huchelewa kupoa hata kama ugonjwa umeshashindwa. Daktari alikuwa amemwambia hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameona hivyo kwenye miguu mingi. Pamoja na hayo, nilipofika asubuhi nilimkuta amekumbatia pakiti yake ya dawa kwa mikono miwili. Aliogopa. Sikuwa nimewahi kumwona Alimasi anaogopa kitu, na sikupenda kumwona hivyo.

Kaka yake Amadi alikuwa amefika jana yake kutoka Kambove, baada ya kusikia habari. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumwona. Alikuwa ameketi kando ya ndugu yake, gongo lake limeegemea ukuta, na suruali yake mguu wa kulia imekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti. Ndipo tukasikia, kutoka kwa Amadi mwenyewe, mambo ambayo Alimasi hakuwahi kutuambia. Zamani, Kambove, mguu wa Amadi uliwaka. Mwuguzi kijana aliyempa dawa alikuwa mdogo wake. Amadi alikunywa siku mbili, maumivu yakapungua, akagawia rafiki zake zilizobaki na kurudi mgodini, na mwuguzi kijana hakupita kuuliza. Alipokuja kupita, mguu haukuwa wa kuokolewa tena. Kati yetu tuliokuwa tukimtania kwa kuku, kwa muda mrefu hakuna aliyemtaja kuku yeyote.

Amadi alimwangalia ndugu yake na ile pakiti, akasema:

"Acha kubeba muguu yangu. Miye nilikunywaka siku mbili, na muguu ilikuwa ingali inavimba. Weye umekunywa tano, homa ilishaka kwisha, buvimbe iko inarudi nyuma. Haiko kintu kimoja. Amuka, uende ufunge dawa."

Akaenda. Alitembea kutoka barza hadi zahanati akiwa amevaa ndala, maana vile viatu Mama Adija alikuwa ameshavigawa. Amadi alimfuata kwa gongo, na watu wa zamu ya usiku waliokuwa wakirudi waligeuka wakafuata. Ndani, mwuguzi mkuu alisimama mahali wanaposimama wagonjwa. Alimeza kidonge mbele ya Daktari Numbi, na kwa kuwa daktari hakujua maneno ya kutamka, ilibidi Alimasi ayatamke mwenyewe. Kisha alinipa mimi ile pakiti, siku tano zikiwa bado zimo ndani. Niliiweka kwenye rafu ya tatu na kuacha mlango wa kabati wazi ili watu waone yote, rafu tupu na ile isiyo tupu.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja. Kila asubuhi tuliukagua mguu ule kabla ya salamu. Mara mbili alisema unamuuma, na mara mbili daktari akakuta hakuna kitu ila woga. Ukapungua, ukawa mguu wa kawaida wa mzee anayependa viatu vibaya, na kabla mwezi haujaisha alikuwa juu ya baiskeli yake.

Katika siku zile zile za kungoja, Kabwe alirudi kwenye dirisha langu. Safari hii alikuwa amemshika mkono mke wake, Chanda, aliyekuwa akitetemeka kwa homa na mguu wake umewaka. Nilingoja aniombe siku kumi. Aliomba tano, kama za Papa Alimasi, na kama docteur akiona hazitoshi basi aongeze yeye mwenyewe docteur. Kati ya pakiti chache za rafuni, moja ilikuwa imeshafunguliwa na kubaki siku tano kamili. Nadhani msomaji anajua ilikuwa ipi. Chanda aliinywa, homa ilimtoka siku ya tatu, na leo anauza mboga mbele ya lango la kambi, akiwa amesimama kutwa nzima kwa miguu yake miwili.

Shehena ilifika mvua zikiwa zinakaribia kukatika. Tangu siku ile ya ndala hadi ilipofika, kwa kupima kwa siku tano na kuongezea tu wale waliohitaji, hakuna mgonjwa wa mguu aliyeondoka dirishani pangu mikono mitupu. Daktari Numbi husema ni kwa sababu kambi ilielewa. Mimi namheshimu daktari, lakini nilikuwepo. Kambi haikuelewa kitu chochote kuhusu microbe. Ilimwona mtu mwenye hofu kuliko wote akirudisha dawa, na hiyo ilitosha.

Tungependa kuongeza kwamba baada ya hapo Citoyen Alimasi alibadilika. Hakubadilika sana. Aliwapa wagonjwa siku tano, lakini kesho yake, na kesho kutwa, na siku zote zilizobaki mpaka ya kumi, alipita nyumbani kwao kuangalia mguu. Daktari alimwuliza kama hiyo ni lazima. Alijibu kwamba daktari amepunguza dawa, hakupunguza mwuguzi. Na kuku waliendelea kuja, ila sasa walikuja mapema na wembamba.

Citoyen Alimasi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya miguu mingi inayokwenda kazini kila asubuhi bila kujua jina lako, tunakushukuru. Mama Adija, tunakurudishia mume wako. Tunaomba samahani kwa hali aliyonayo, na tafadhali mnunulie viatu wewe. Nawe Baba, Chanda ameniomba nikufikishie salamu zake. Hakunipa maneno mengi, amesema tu uambiwe kwamba anatembea.

Nenda ukapumzike Katuba, Baba. Tunakutakia uzee wenye afya na siku nyingi, na hizo usikubali daktari yeyote akupunguzie.